Kutoka Makueni hadi Pailin: jinsi dawa zetu zilivyokibadilisha kimelea cha malaria

Wale mnaokuja hapa kutafuta habari za tarakilishi, leo mtanivumilia. Hakuna msimbo wowote hapa chini, ingawa mifano ya kazi yetu itaingia tu kwa sababu ndiyo akili niliyo nayo. Nataka kusimulia historia ya kimelea cha malaria, hasa ile sehemu tuliyoiandika sisi binadamu wenyewe, nusu tukijua na nusu tukiwa gizani.

Sababu ni hii. Mwezi Desemba nilikuwa nyumbani Busia. Mama alikuwa akipanga makaratasi ya zamani kutoka kwenye sanduku la bati, cheti huku, risiti kule, na katikati yake ikatokea kadi ya kliniki ya kaka yangu mkubwa. Sikuwahi kumwona kaka huyo. Alifariki mwaka 1996 akiwa na miaka mitatu, mimi nikazaliwa mwaka uliofuata. Kwenye kadi kumeandikwa kwa kalamu ya bluu: klorokwini, siku tatu. Siku kumi na mbili baadaye: klorokwini tena. Halafu mistari mitupu.

Mama akaniambia kwamba siku ile ya pili mhudumu wa zahanati alimtazama na kumwuliza, "Mama, kweli ulimaliza dawa?" Alikuwa ameimaliza. Lakini dawa ile ilikuwa chungu kupindukia, mtoto alikuwa akiitema, na kwa karibu miaka thelathini mama amekuwa akihesabu ni vijiko vingapi viliishia kwenye leso.

Nilirudi Nairobi na lile swali la mhudumu. Mimi si daktari wala mwanabiolojia. Nilisoma sayansi ya tarakilishi na kazi yangu ni kuandika programu za watu kulipia bidhaa. Lakini kusoma ripoti ndefu na kutafuta kosa lilipoanzia ndiyo kazi ninayolipwa kuifanya kila siku, basi nikaanza.

Tuanze na kimelea chenyewe. Kinachoua wengi kwetu kinaitwa Plasmodium falciparum. Jenomu yake ilichapishwa mwaka 2002: kromosomu 14, jeni kama 5,300, herufi za DNA takribani milioni 23. Ukihifadhi kila herufi kwa baiti moja unapata faili ya megabaiti 23. Programu nyingi kwenye simu yako ni kubwa kuliko hiyo. Sasa chukua faili hiyo uinakili ndani ya chembe nyekundu za damu, kila baada ya saa 48 hivi, mpaka mgonjwa aliyezidiwa awe na nakala zaidi ya bilioni 100 mwilini kwa wakati mmoja. Hakuna mashine inayonakili bila kukosea. Herufi moja huruka hapa, nyingine hubadilika pale. Makosa mengi hayana maana au humwua mwenye nayo. Lakini kwa wingi huo, na kwa mamilioni ya wagonjwa, karibu kila kosa la herufi moja linaloweza kutokea limekwisha kutokea ndani ya mtu fulani mahali fulani.

Hapo ndipo dawa inapoingia. Watu husema kimelea "kimezoea" dawa, kana kwamba kimekaa darasani kikajifunza. Hakizoei kitu. Dawa inapomwagika katika damu, vimelea vya kawaida vinakufa, na kile kimoja chenye kosa lililosadifu kukikinga kinabaki peke yake na nyumba nzima. Mbu anapokuja kunywa damu, anachukua watoto wa hicho kimoja. Wataalamu huita jambo hili uteuzi, na mteuzi katika hadithi hii ni sisi, kwa tembe na kwa sindano.

Kuna ushahidi wa mapema sana wa jambo hili, na umetoka hapa hapa Kenya. Nakiri sikuwahi kuusikia shuleni.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili kulikuwa na dawa mpya iliyoitwa pyrimethamine, au kwa jina la dukani Daraprim. Ilitoka katika maabara ya Gertrude Elion na George Hitchings wa kampuni ya Burroughs Wellcome, watu wawili ambao mwaka 1988 walipata Tuzo ya Nobel kwa kazi yao ya kubuni dawa. Ilikuwa dawa safi, haina uchungu wa kwinini, na dozi ndogo tu ilitosha. Wakubwa wa afya wa wakati ule wakajiuliza swali la maana: tukiwapa watu wote wa eneo moja, wagonjwa kwa wazima, tutaimaliza malaria?

Walilijaribu Makueni, Ukambani, eneo ambalo malaria ilikuwa imejaa, kuanzia Septemba 1952 hadi Septemba 1953. Mwaka mmoja. Mwanzoni vimelea vilipungua katika damu za watu. Halafu vikaonekana tena, safari hii katika damu za watu waliokuwa wakimeza dawa. Mtafiti Avery Jones aliripoti hayo mwaka 1954 katika jarida la tiba la Afrika Mashariki, akaandika tena kwa kirefu mwaka 1958. Mwaka huohuo wa 1954 David Clyde aliripoti jambo la namna hiyo kutoka kijiji kimoja cha Tanganyika. Yaani kabla hata ya uhuru wetu, kabla ya watu kujua muundo wa jeni hata moja ya kimelea, Afrika Mashariki ilikuwa imeshaonyesha kwamba mtu anaweza kukibadilisha kiumbe kingine katika muda usiozidi misimu miwili ya mahindi.

Kwa nini upesi hivyo? Leo tunajua. Pyrimethamine hukaba kimeng'enya kimoja ambacho kimelea hukitumia kutengeneza DNA. Herufi moja ikibadilika kwenye jeni ya kimeng'enya hicho, katika nafasi ya 108, dawa haishiki tena vizuri. Herufi moja! Mtu yeyote aliyewahi kuandika programu ya kukisia nywila anajua kwamba nywila ya herufi moja haichukui muda kuvunjwa.

Klorokwini ilikuwa nywila ndefu zaidi, na hapa ndipo historia inapopinda.

Dawa hiyo iliundwa Ujerumani mwaka 1934 na Hans Andersag wa kampuni ya Bayer. Waliipima, wakaiona kali mno kwa binadamu, wakaiweka kando. Japani ilipoiteka Java mwaka 1942, ilishika mashamba yaliyokuwa yakitoa sehemu kubwa kabisa ya kwinini ya dunia nzima, na majeshi ya Marekani na washirika wake yakabaki bila dawa katika nchi zenye mbu. Wamarekani wakapima maelfu ya kemikali. Mojawapo ikawa ile ile iliyokuwa imetupwa kando, na safari hii ikaonekana inafaa. Mwaka 1955 Shirika la Afya Duniani lilipotangaza kampeni ya kuimaliza malaria duniani, silaha zilikuwa mbili: DDT kwa mbu, klorokwini kwa damu. (Sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara iliachwa nje ya kampeni ile. Hilo lina makala yake.)

Klorokwini inafanya kazi kwa ujanja. Kimelea hula hemoglobini, na mabaki ya chakula hicho ni sumu kwake, kwa hiyo huyageuza kuwa fuwele zisizodhuru. Klorokwini huingia katika kile kijifuko cha kusagia chakula na kuzuia fuwele zisifanyike. Kimelea hufa kwa sumu ya mlo wake mwenyewe. Ili kuponyoka, hakihitaji kubadilisha herufi moja. Kinahitaji mabadiliko kadhaa kwa pamoja katika jeni moja iliyo kwenye kromosomu ya 7, jeni ya mlango unaoitwa PfCRT, ili mlango huo uanze kuitoa dawa nje ya kijifuko. Kupata mabadiliko hayo yote kwa bahati ni kazi ngumu. Ndiyo maana klorokwini ilidumu.

Lakini binadamu tulikisaidia. Mwaka 1952 Mbrazili Mario Pinotti alibuni njia ya kuchanganya dawa ya malaria katika chumvi ya kula. Wazo lenyewe lilikuwa zuri mno: huwezi kumfikia kila mtu msituni na daktari, lakini kila mtu anakula chumvi. Njia hiyo ikatumika Brazil, na ikatumika pia Pailin, eneo la machimbo ya vito huko Kambodia karibu na mpaka wa Thailand, ambako vibarua walikuwa wakija na kuondoka. Fikiria sasa kama mtu wa programu. Watu wengi, kila siku, kila mmoja akiwa na kiasi kidogo cha dawa katika damu, kiasi kinachotegemea chumvi aliyopenda kutia mchuzini. Ukitaka kuunda mazingira ya kukifanyia kimelea majaribio usiku na mchana, ungefanya nini zaidi ya hapo? Sisemi chumvi peke yake ndiyo iliyoleta usugu, kwa sababu usugu ulijitokeza pia Colombia karibu na wakati huohuo, mwishoni mwa miaka ya 1950, na tembe zilikuwa zikimezwa kila mahali. Ila mpaka wa Thailand na Kambodia ndio uliokuja kutuhusu.

Mwaka 1978 wageni waliokuja Afrika Mashariki waliugua malaria ambayo klorokwini haikuiponya. Taarifa za kwanza zilitoka Kenya na Tanzania. Waligunduliwa wageni kwanza kwa sababu hawakuwa na kinga yoyote: dawa ikishindwa kwao, inaonekana mara moja. Kutoka pwani hii usugu ukaenda magharibi, na kufikia mwisho wa miaka ya 1980 ulikuwa umefika Afrika Magharibi.

Je, kimelea cha Kenya kilijibadilisha chenyewe? Kwa miaka mingi wengi walidhani hivyo. Mwaka 2000 jeni ya PfCRT ilitambuliwa, na mwaka 2002 watafiti wakalinganisha DNA inayoizunguka jeni hiyo katika vimelea vya mabara mbalimbali. Sisi hufanya hivyo tunapotaka kujua nani kamwibia nani msimbo: unatazama makosa madogo ya pembeni, yale ambayo watu wawili hawawezi kuyafanya sawasawa kwa bahati. Jibu lilikuwa wazi. Usugu wa Afrika ulikuwa nakala kutoka Asia. Uvumbuzi huo wa kimelea ulifanyika mara chache sana duniani, na mmoja wao ukavuka bahari ukatujia. Mwaka 2004 wengine wakaonyesha kwamba hata ule usugu mkali wa pyrimethamine uliokuwa umeenea Afrika, wenye mabadiliko matatu kwa pamoja, ulikuwa na ukoo wa Asia.

Soma tena tarehe zile. 1978 usugu umethibitishwa Kenya. Kenya iliacha kutumia klorokwini kama dawa ya kwanza mwaka 1998. Miaka ishirini.

Sipendi kuandika hapa kama mtu anayejua yote baada ya mechi kwisha. Klorokwini ilikuwa rahisi mno, iliuzwa kwenye duka la kijiji kando ya sukari na sabuni, na kila mtu aliijua, hata wale waliowashwa mwili mzima wakiimeza. Zaidi ya hayo, ilikuwa ikishindwa kwa namna isiyoonekana. Mtu mzima aliyekulia kwenye malaria ana kinga yake, hivyo dawa nusu na kinga nusu vikikutana anapona na kuisifu dawa. Isitoshe, klorokwini yenyewe hutuliza homa. Mtoto anapoa, anacheza, kisha baada ya wiki moja au mbili vimelea vilivyobaki vinarudi, damu imeshapungua, na safari hii hali ni mbaya zaidi. Huko Senegal, ambako watafiti walikuwa wakifuatilia vijiji kwa miaka mingi, ripoti ya mwaka 1998 ilionyesha vifo vya watoto kwa malaria vikiongezeka mara mbili na zaidi baada ya usugu kuingia.

Siku kumi na mbili. Niliitazama tena picha ya kadi ile kwenye simu yangu.

Malawi ndiyo iliyotangulia nchi nyingine za Afrika: mwaka 1993 iliiacha klorokwini na kuchukua sulfadoxine-pyrimethamine, ile tunayoijua kama Fansidar. Na Malawi ndiyo iliyoonyesha jambo ambalo mimi sikulitarajia kabisa. Mwaka 1992 asilimia 85 ya vimelea vilivyopimwa Malawi vilikuwa na alama ya usugu kwenye PfCRT. Mwaka 2000 ilikuwa asilimia 13. Mwaka 2005, huko Blantyre, watafiti wakathubutu kuwapa watoto klorokwini tena chini ya uangalizi mkubwa. Ikaponya kwa asilimia 99. Fansidar, iliyokuja kuirithi, ilikuwa imeshuka hadi asilimia 21.

Kilichotokea ni hiki. Ule mlango uliobadilishwa una gharama. Kimelea sugu husaga chakula chake kwa shida kidogo, na dawa isipokuwepo, vile vya kawaida hukipita mbio. Wala havikurudi kwa kusahihisha kosa lao. Vile vya zamani, visivyo na usugu, vilikuwa vimebaki kidogo kidogo muda wote ndani ya watu wasiomeza dawa, kama toleo la zamani la programu lililosahaulika kwenye tarakilishi ya mtu fulani, na hali ilipobadilika vikaenea upya. Kuacha kwetu pia ni kuteua.

Kwetu mambo yalienda polepole zaidi. Kilifi, alama ile ile ya usugu ilikuwa juu ya asilimia 90 mwaka 1993, na mwaka 2006 bado ilikuwa karibu asilimia 60. Malawi iliiondoa klorokwini kwelikweli. Sisi tulibadilisha sera, maduka yakaendelea kuuza, na Fansidar ikaanza kuchoka mapema kiasi kwamba mwaka 2004 sera ikabadilishwa tena, tukachukua dawa za mseto zenye artemisinin. Zilianza kutolewa mwaka 2006. Jambo la kushangaza ni kwamba lumefantrine, mwenzake artemisinin katika mseto huo, humpendelea kimelea mwenye mlango wa zamani. Dawa mpya imekuwa ikiisukuma jeni ile ile upande wa pili.

Jumapili moja nilimpigia mama nikamweleza haya yote, bila PfCRT bila nini. Nilimwambia kwamba kimelea kilichomwingia mwanawe huenda kilikuwa sugu kabla hakijamfikia, kwamba ukoo wake ulikuwa wa Asia, na kwamba mtoto angeweza kumeza kila tone na matokeo yawe yale yale. Nikamwambia pia kwamba sina damu ya mtoto yule wala kipimo, kwa hiyo siwezi kuapa. Alinyamaza mpaka nikadhani laini imekatika. Kisha akasema, "Kwa hiyo walikuwa wanajua." Nikamjibu wengine walikuwa wanajua. Akauliza, "Na hizi tunazowapa watoto wa dada yako?"

Hilo ndilo swali, na jibu lake linaendelea kuandikwa. Artemisinin ilipatikana China kutokana na mradi wa kijeshi wa siri ulioanza mwaka 1967, na Tu Youyou aliyeongoza kazi ya kuichuja kutoka kwenye mmea alipata Nobel mwaka 2015. Huchanganywa na dawa nyingine kwa hesabu rahisi: kimelea kikihitaji bahati mbili kwa pamoja, uwezekano wa moja unazidishwa kwa uwezekano wa nyingine. Hata hivyo dalili za usugu wa artemisinin ziliripotiwa magharibi mwa Kambodia mwaka 2008 na 2009. Pailin, tena Pailin. Kila mtu Afrika akaanza kuutazama mpaka ule, akingoja usugu uvuke bahari kama ulivyovuka ule wa kwanza.

Haukusubiri kuvuka. Mwaka 2020 watafiti waliripoti badiliko la jeni linaloitwa R561H katika vimelea vya Rwanda, kutoka kwa sampuli zilizochukuliwa tangu mwaka 2014, na DNA ya pembeni ilionyesha kwamba lilizaliwa huko huko. Mwaka 2021 ikaja taarifa kutoka kaskazini mwa Uganda, mabadiliko mengine, nayo ya hapa kwetu. Kisha Eritrea, kisha Kagera upande wa Tanzania. Eritrea ilikuwa na tatizo jingine pia: vimelea vilivyopoteza kabisa jeni ya protini ambayo vipimo vyetu vya haraka huitafuta, hata mgonjwa akawa anaambiwa hana malaria. Mwaka 2016 nchi hiyo ililazimika kubadilisha aina ya vipimo.

Mpaka sasa dawa za mseto bado zinaponya katika sehemu nyingi, maana yule mwenzake artemisinin anabeba mzigo. Nilimwambia mama hivyo: wape, na wakipata homa tena ndani ya mwezi mmoja usikubali mtu akwambie hukumaliza dawa, wapeleke wapimwe upya. Akaniambia nimtumie hayo kwa ujumbe, ayaandike nyuma ya kadi.